Majina Mawili Mpakani Tunduma

Tulipofika mteremko wa Senjele, kabla ya Mlowo, Coaster yetu ikasimama. Lori la trela lilikuwa limelala ubavu, kichwa kimegeukia lilikotoka, na shehena ya salfa iliyokuwa inapelekwa kwenye migodi ya Kongo imemwagika mpaka mtaroni. Lami ilikuwa njano, nyasi njano, hata viatu vya utingo aliyekaa juu ya jiwe, kashika kichwa, vilikuwa njano. Konda alishuka, akaongea na trafiki, akarudi. "Limepinduka alfajiri," alisema. "Dereva mzima. Tukae tu, wapendwa."

Kijana aliyekaa pembeni yangu aliipiga picha ile ajali, kisha akarudi kwenye video aliyokuwa akiitazama tangu tutoke Mbeya. Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, kofia nyekundu kichwani, alikuwa akihutubia umati, na juu ya picha imetiwa sauti ya Kiswahili ambayo sidhani kama ni yake. Kijana aliniona nikichungulia, akaninyooshea simu kwa heshima. "Shikamoo mzee wangu. Huyu sasa ndiye kiongozi. Afrika inataka mapinduzi."

Nilimwitikia, nikalitazama tena lori. Lugha yetu imeviweka vitu vingi katika neno moja. Lori hupinduka, mtumbwi hupinduka, na serikali hupinduliwa. Tarehe 12 Januari 1964, Unguja, tunaiita Mapinduzi. Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipomwondoa Obote kule Kampala, nayo tunaiita mapinduzi. Siku nane tu baada ya Unguja, tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao Waingereza na kuingia mjini na bunduki. Hiyo tunaiita maasi, kwa sababu haikufika mwisho. Neno hutolewa na matokeo. Kijana aliyezaliwa 2001, kama huyu alivyoniambia amezaliwa, atajuaje ni mapinduzi yapi anayoyaomba?

Nilimuuliza kama amewahi kukaa na mtu aliyetawaliwa na wanajeshi. Alifikiri, akasema hapana. Alikuwa anaendesha bodaboda Tunduma. Nikamwambia kesho nitakuwa huko, nitamhitaji. Tukabadilishana namba, na foleni ikaanza kusogea.

Mimi nilikuwa naenda kwanza kwa mjomba wangu, kijijini nje ya Vwawa, wilaya ya Mbozi. Tangu mkoa wa Songwe ukatwe kutoka Mbeya mwaka 2016, Vwawa imekuwa makao makuu na majengo ya ofisi yanaota kila mwaka, lakini ukiacha lami ukaingia vijijini, nchi ni ile ile ya kahawa na baridi. Ilikuwa Juni, msimu wa kuchuma. Mjomba nilimkuta kwenye kichanja, kajifunga koti la zamani, anachambua kahawa iliyokwisha menywa. Mkono wake ulikuwa unapita juu ya punje kama mtu anayepapasa nywele za mtoto: mbovu inatoka, nzima inabaki. Aliniambia nikae na nichambue, mazungumzo hayazuii kazi.

Mjomba alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka na kushika eneo la karibu kilomita za mraba 1,800 kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Kutoka huku nyanda za juu kusini, ambako wengi hawakuwa wamewahi kuliona Ziwa Viktoria, vijana walipelekwa kwa treni na malori. Kampala ilianguka Aprili 1979. Haya kila Mtanzania anayajua. Mjomba hakunisimulia ushindi.

"Tulikuwa vijijini, upande wa Masaka," alisema. "Mji wenyewe tuliupiga mizinga sana, sisi hatukuwa malaika, mwanangu. Jioni nikabisha hodi nyumba moja, naomba maji. Hodi, hodi mama. Kimya. Na ndani watu wapo, nasikia mtoto anazibwa mdomo. Nikasema, mama, sisi Watanzania, msiogope. Mlango ukafunguliwa. Bibi mmoja, kapiga magoti, mkono mmoja ameutanguliza mbele. Ndani ya mkono kuna saa ya kiume."

Mkono wa mjomba ukasimama juu ya kahawa.

"Sijamwomba saa. Nimemwomba maji. Lakini yeye, akisikia Kiswahili mlangoni usiku, anajua kinachofuata."

Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda mwaka 1973. Lakini watu wa Buganda walikuwa wamekisikia kwanza kambini na kwenye vizuizi vya barabarani, kwa midomo ya askari. Kikawa lugha ya anayedai, anayepekua, anayechukua mtu usiku ambaye harudi. Mwaka 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani kwake na hakuonekana tena, na Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Amin aliondoka, lakini kiwewe kile kilibaki masikioni. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe shuleni kwa lazima. Angalieni miaka hiyo. Kile ambacho askari walikichafua kwa miaka minane, walimu wanakisafisha kwa zaidi ya arobaini, na kazi haijaisha.

Mjomba alirudi nyumbani akakuta nchi imefilisika. Mwalimu alikuwa ameomba watu wafunge mikanda miezi 18. Iligeuka kuwa miaka. "Amin hakuwahi kukanyaga Mbozi," mjomba alisema, akianza tena kuchambua, "lakini shangazi yako alifulia majani ya mpapai. Kipande cha sabuni ulikifuata Nakonde, unavuka na miguu usiku, ukikamatwa umekwisha." Ndivyo utawala wa kijeshi unavyosafiri: ulizaliwa kambini Kampala, bili yake ikaja kulipwa na mama wa Kinyiha aliyeko mwisho mwingine wa nchi.

Usiku ule, karibu na moto, nilimuuliza kwa nini sisi hatukupata Amin wetu. Alinijibu bila kusita, kwamba tulikaribia kumpata. Ndiyo. Maasi ya Colito yalienea mpaka Tabora, na katika juma lile lile yakawaka Jinja kule Uganda na Lanet kule Kenya. Wale askari walidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, madai ambayo mtu mwenye haki asingeyapuuza. Lakini Rais alilazimika kujificha, Oscar Kambona akawa anajadiliana na watu wenye bunduki, na tarehe 25 Januari serikali changa ikameza uchungu wa kuwaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha. Kilichofuata ndicho kilichotuokoa. Jeshi lile lilivunjwa lote. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jipya, Jeshi la Wananchi, kwa kuandikisha vijana wa TANU na wa JKT, likafundishwa siasa, likafunguliwa matawi ya chama ndani ya kambi. Katikati ya miezi hiyo ulinzi ulishikwa na kikosi kutoka Nigeria. Walitulinda vizuri. Walirudi kwao, na Januari 1966, kwao wenyewe, jeshi likapindua serikali na kuifungulia nchi njia ya vita na miongo ya utawala wa majenerali.

Nalisema hili kwa shukrani, na pia kwa uaminifu: dawa ile ilikuwa na uchungu wake. Kuliingiza jeshi ndani ya chama kulilifanya litii raia, lakini raia wa chama kimoja. Mpaka mageuzi ya 1992 ndipo askari walipotakiwa kuachana na kadi. Na hadi leo haitushangazi mwanajeshi akiteuliwa kuwa mkuu wa mkoa au wilaya. Maneno yetu yenyewe yamevaa kombati: tunafanya operesheni, tunaunda vikosi kazi, wapinzani wa CHADEMA huitana makamanda na kuvaa magwanda, na kijana wa mtaani akikupenda anakuita kamanda. Hatukutawaliwa na askari, lakini tumejifunza kuipenda sauti yake.

Kesho yake nikashuka Tunduma.

Tunduma huanza kabla hujafika. Kuanzia Mpemba malori yamejipanga upande mmoja wa barabara, matrela nyuma ya matrela, na chini yake maisha yote: madereva wamelala kwenye machela walizofunga kati ya magurudumu, utingo wanapika ugali kwa jiko la gesi, kina mama wanapita na mandazi na ndizi. Yanayotoka Dar yamebeba salfa, ngano, mafuta, magari. Yanayokwenda Dar yamebeba mabamba ya shaba kutoka Katanga na Zambia. Tangu 2019 pande mbili za mpaka zinahudumiwa katika kituo kimoja, Tunduma na Nakonde, na bado foleni ipo, maana biashara imekua kuliko barabara. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapo hapo, na malori yanaifanyia kazi yake.

Kijana wangu alinipokea na pikipiki yake. Mbele, kwenye kioo, alikuwa amebandika stika ya Traoré. Nilipanda, hatukuizungumzia.

Nilimwomba anipeleke wanakokula wafanyabiashara wa Kikongo. Akanipeleka kwa mama ntilie mmoja karibu na mpaka, mabenchi mawili na meza ya mbao, ambako mama mmoja kutoka Lubumbashi alikuwa akisubiri magunia yake ya mchele wa Kamsamba yapakiwe. Umri wake ni kama wangu. Kiswahili chake ni kile cha Katanga, kinachosema "batu" tunaposema watu, kinachokubali kwa "njo vile" tunaposema ndivyo. Alinikaribisha kwa "Jambo papa," tukaagiza ugali na samaki, na mimi nikamweleza kwamba kijana wangu ametoka nchi isiyowahi kutawaliwa na jeshi, na angependa kusikia.

Alimtazama kijana kwa muda. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake tena karatasi zilizokunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Akaweka kidole juu ya jina lake.

"Hili jina la serikali," alisema. "Nyumbani banaita lingine."

Alizaliwa Likasi, 1973. Mobutu alikuwa ameshika nchi tangu mapinduzi ya 24 Novemba 1965. Mwaka 1971 aliigeuza Kongo ikawa Zaire, na jimbo la Katanga akaliita Shaba, neno letu la Kiswahili, kama kwamba watu wa huko ni madini tu. Mwaka uliofuata yakapigwa marufuku majina ya Kizungu. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Wanaume wakakatazwa suti na tai. Baba wa mama huyu alimwandikisha kwa jina la bibi yake, kisha usiku, milango imefungwa, padri akaja nyumbani akambatiza kwa jina lingine. Akakua na majina mawili, la mlangoni na la uani.

Kijana akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu. "Sasa mama, si ilikuwa vizuri? Kukataa majina ya wazungu?"

"Jina la bibi ni jina nzuri," alimjibu. "Kama baba angenipa kwa upendo ningelibeba na furaha. Alinipa kwa woga. Ukipewa kitu kizuri na mtu ana bunduki, kile kitu kinanuka bunduki." Aprili 1990, aliendelea, Mobutu aliporuhusu vyama vingi na tai zikarudi shingoni, wengi walirudia majina yao ya ubatizo. Yeye hakubadilisha karatasi. Na watoto wake wanne, waliozaliwa baada ya Mobutu kuanguka Mei 1997, amewapa majina mawili mawili vilevile. "Huwezi kujua," alisema.

Nikamuuliza juu ya askari. Alisema kule Katanga watu ni Waswahili, lakini jeshi la Mobutu lilizungumza Kilingala. "Askari anasema Kiswahili, ni mtoto ya mtu. Anasema Lingala, unaficha kuku." Aliukumbuka mwaka 1991, askari wasiolipwa mishahara walipoanza kupora Kinshasa mwezi Septemba, na uporaji ukafika mpaka Lubumbashi, walibeba friji, milango, hata mabati. Nikamsimulia bibi wa Masaka na saa yake. Alitikisa kichwa taratibu. "Njo vile. Kumbe kwa wengine ni Kiswahili." Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile: kwamba Kilingala hakina kosa, nyimbo zake anazipenda, na mara nyingine redio ikiwaka ghafla anaruka kabla hajajua kwamba ni muziki.

Nyimbo zile zile na sisi tumezicheza. Enzi za Mobutu, wanamuziki walivuka ziwa na mipaka kuja kwetu: bendi ya Maquis ilitua Dar mapema miaka ya sabini, Remmy Ongala wa Kindu akafuata 1978. Tuliwapokea, tukawapenda, na ukumbi ulipojaa hatukuwauliza wamekimbia nini. Hata Joseph Kabila, aliyekuja kuwa rais wa Kongo, alisoma katika shule zetu akijifanya Mtanzania, kwa sababu baba yake alikuwa akitafutwa na Mobutu. Naye alikuwa mtoto wa majina mawili.

Tulikuwa bado tunakula alipoingia mlinzi wa kampuni binafsi, kijana mpole mwenye sweta la kijani na buti, akaagiza chai. Mama alikuwa katikati ya sentensi. Hakuimalizia. Mkono wake uliivuta ile mifuko kutoka mezani, ukaishusha mapajani, ukaifunika na kitenge, na macho yake yakawa kwenye sahani mpaka mlinzi alipolipa na kutoka. Hakuna aliyemwambia kitu. Miaka karibu thelathini imepita tangu Mobutu akimbie, na hapa si Zaire. Kijana wangu aliyaona yote. Aliacha kula.

Baadaye tulisimama karibu na mstari, wabadilisha fedha wakitupungia mabunda ya kwacha. Nilimwonyesha ng'ambo. Juni 1990, bei ya unga Zambia ilipopanda zaidi ya mara mbili, watu waliingia barabarani, na alfajiri ya tarehe 30 luteni mmoja, Mwamba Luchembe, akakamata kituo cha redio Lusaka na kutangaza kwamba Rais Kaunda ameondolewa. Kwa saa chache watu walishangilia. Hawakuwa wajinga, walikuwa na njaa. Jaribio lilizimwa, lakini Kaunda alisikia. Vyama vingi vilirudi, na Oktoba 1991 wananchi wakamwondoa kwa kura, naye akakubali, akaenda nyumbani. Njaa ile ile na hasira ile ile zilipita katika sanduku la kura, na leo Mzambia wa hapo Nakonde hana haja ya jina la pili.

"Na kura ikikataa kusikika, mzee?" kijana aliuliza.

Sikuwa na haki ya kulidharau swali hilo. Ndio mlango wanaoupitia askari. Mali 2020, Guinea 2021, Burkina Faso mara mbili ndani ya 2022, Niger na Gabon 2023: kila mahali kuliwahi kuwa na kijana aliyeuliza hivyo na wazee wasiomjibu. Nilimwambia ninachokijua. Kwamba huyo Kapteni alimpindua mwanajeshi mwenzake aliyekuwa amepindua miezi minane kabla. Kwamba uchaguzi ulioahidiwa kufanyika ifikapo Julai 2024 ulisogezwa miaka mitano mbele. Kwamba katika nchi hiyo hiyo Thomas Sankara, ambaye vijana wanampenda kwa haki, aliingia kwa bunduki 1983 na akatolewa kwa bunduki 1987. Na kwamba barabara inayochepuka hapa Tunduma kwenda Sumbawanga ukiifuata utafika Mpanda, kwenye makazi ya Katumba na Mishamo, walikoishi kwa miongo Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 chini ya utawala wa kijeshi wa Micombero. Wengi wao walipata uraia wetu karibuni tu. Kura isiyosikika hudaiwa mpaka isikike, na sisi wazee tuna wajibu wa kuidai pamoja na vijana, si kuwatisha kwa habari za Amin halafu tukanyamaza. Niliahidi, na ninaliandika hapa ili nibanwe nalo.

Alinisikiliza. Hakuniambia kama amekubali. Aliponifikisha stendi alikataa nauli, tukabishana, akachukua nusu. Stika ilikuwa bado kwenye kioo.

"Yule mama," alisema akiwasha pikipiki, "yule mlinzi namjua. Hana hata rungu."

Nilirudi Mbeya jioni ile. Senjele lori lilikuwa limekwisha ondolewa. Salfa ilikuwa imefagiliwa, imebaki rangi hafifu mtaroni na nyasi zilizoanza kuungua. Mahali lilipolalia, dizeli ilikuwa imeila lami, pamebaki baka jeusi lisilofika hata shimo. Barabara ilikuwa nyeupe mbele na nyuma. Hata hivyo dereva wetu alipunguza mwendo na kukata kulia, akalizunguka lile baka, akarudi upande wake. Nikageuka kutazama nyuma. Basi lililotufuata lilifanya hivyo hivyo, na lori lililolifuata basi.